Kichefuchefu na Kutapika

Katika somo lililopita tulijifunza safari ya chakula mwilini. Tuliona kwamba chakula hutoka kinywani, hupita katika umio, huingia katika mfuko wa tumbo, kisha huendelea katika utumbo mwembamba na utumbo mpana. Safari hiyo huenda upande mmoja tu. Hata hivyo, kila mmoja wetu amewahi kuona chakula kikirudi kwa njia ile ile kilikopitia. Jambo hilo huitwa kutapika.

Katika somo hili tutajibu maswali matatu. Mwili hutapikaje? Kwa nini hutapika? Na je, tumsaidieje mtu anayetapika?

1. Watoto wawili

Basi litokalo Arusha kwenda Karatu hupita Makuyuni, kisha hufika Mto wa Mbu. Baada ya hapo barabara huanza kukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Hupinda kulia, hupinda kushoto, na kila inapopinda Ziwa Manyara huonekana liko chini zaidi. Ndani ya basi mtoto mmoja anasoma kitabu. Mara anaacha kusoma. Kijasho chembamba kinamtoka usoni na mate yanamjaa kinywani. Kabla basi halijafika juu ya ukuta huo, mtoto anatapika. Lakini alipofika Karatu na kupumzika kivulini kwa muda, alijisikia vizuri na akaomba chakula.

Siku hiyo hiyo, katika kijiji kimoja cha bondeni, mtoto mwingine mwenye umri wa miaka miwili alikuwa akitapika tangu asubuhi. Alikuwa akiharisha pia. Wazazi wake walikuwa shambani, naye aliachwa na dada yake, mwanafunzi wa darasa la tano. Kufikia saa tisa alasiri macho ya mtoto huyo yalikuwa yameingia ndani. Alilia, lakini hakutoa machozi.

Watoto wote wawili walitapika. Wa kwanza hakuwa na hatari yoyote. Wa pili angeweza kufa kabla ya kesho yake kama asingepata msaada. Mwanafunzi wa sayansi lazima aweze kuona tofauti kati ya watoto hawa wawili, na ajue la kufanya.

2. Maana ya maneno

Kichefuchefu ni ile hali ya kujisikia vibaya tumboni na kooni, ambayo humfanya mtu ajione kana kwamba anataka kutapika. Watu wengine husema moyo umechafuka, ingawa moyo wenyewe hauhusiki. Watu wengine huiita hali hii kigegezi.

Kutapika ni kutoa kwa nguvu, kwa njia ya kinywa, vitu vilivyomo katika mfuko wa tumbo. Vitu hivyo huitwa matapishi.

Kucheua ni jambo jingine. Mtoto mchanga hucheua maziwa kidogo baada ya kunyonya. Maziwa hayo hutoka polepole, bila nguvu, na mtoto haonyeshi dalili ya ugonjwa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo nao hucheua. Hurudisha majani kinywani ili wayatafune tena. Kucheua kwa namna hiyo si ugonjwa.

3. Namna mwili unavyotapika

Watu wengi hudhani kwamba mfuko wa tumbo wenyewe ndio unaosukuma chakula nje. Sivyo. Kazi hiyo huamrishwa na ubongo, na hufanywa zaidi na misuli inayouzunguka mfuko wa tumbo.

Sehemu ya chini ya ubongo, iliyo karibu na mahali unapoungana na uti wa mgongo, hupokea habari kutoka pande nyingi za mwili. Habari hizo zikionyesha kwamba kuna hatari, ubongo hutoa amri. Mambo yafuatayo hutokea kwa utaratibu:

(a) Mate mengi hujaa kinywani. Mate haya husaidia kuyakinga meno, kwa sababu matapishi yana asidi itokayo katika mfuko wa tumbo.

(b) Utumbo mwembamba husukuma vitu vilivyomo ndani yake kurudi katika mfuko wa tumbo. Ndiyo sababu mara nyingine matapishi huwa na nyongo, ambayo ni chungu.

(c) Mtu huvuta pumzi, kisha njia ya hewa hufungwa. Jambo hili huzuia matapishi yasiingie mapafuni.

(d) Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushuka. Wakati huo huo misuli ya tumbo hukaza kwa nguvu. Mfuko wa tumbo hubanwa katikati, kama chupa laini ya plastiki inavyominywa kwa mikono miwili.

(e) Mlango wa juu wa mfuko wa tumbo hulegea. Vitu vilivyobanwa hupanda katika umio na kutoka kinywani.

Sasa unaweza kueleza kwa nini mtu aliyetapika huumwa misuli ya tumbo, na kwa nini koo lake huwasha. Misuli imefanya kazi nzito, na asidi imepita kooni.

4. Habari hutoka wapi?

Ubongo hupata habari za kuufanya utoe amri ya kutapika kutoka sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni tumbo lenyewe. Chakula kilichooza, vijidudu, au kula kupita kiasi huusumbua mfuko wa tumbo na utumbo. Mishipa ya fahamu hupeleka habari hiyo kwenye ubongo.

Sehemu ya pili ni damu. Ubongo una mahali maalumu panapopima vitu vilivyomo katika damu. Sumu ikiingia katika damu, ubongo huitambua. Baadhi ya dawa nazo huleta kichefuchefu kwa njia hii. Wanawake wengi wajawazito hupata kichefuchefu katika miezi ya kwanza ya ujauzito, kwa sababu ya mabadiliko yanayotokea katika damu yao.

Sehemu ya tatu ni sikio la ndani. Tutalichunguza hivi punde kwa jaribio.

Sehemu ya nne ni ubongo wenyewe. Harufu mbaya, hofu, maumivu makali, au kumwona mtu mwingine akitapika kunaweza kumfanya mtu atapike. Pigo la kichwani na magonjwa ya ubongo pia huweza kuleta kutapika.

5. Jaribio: Kwa nini basi huleta kichefuchefu?

Vifaa: bakuli la mviringo, maji, na pumba kidogo za mahindi.

Njia: Tia maji ndani ya bakuli mpaka yafike nusu. Nyunyiza pumba juu ya maji. Weka bakuli juu ya meza, kisha lizungushe polepole upande mmoja. Tazama pumba. Endelea kulizungusha mpaka maji nayo yazunguke. Halafu lisimamishe ghafla. Tazama pumba tena.

Uliona nini? Mwanzoni bakuli lilizunguka, lakini maji yalibaki nyuma. Bakuli liliposimama, maji yaliendelea kuzunguka.

Maelezo: Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara. Ndani yake mna kiowevu. Kichwa kinapogeuka, mifereji hugeuka, lakini kiowevu hubaki nyuma kidogo, kama maji ya bakuli. Nywele ndogo sana zilizomo humo hupinda, na mishipa ya fahamu huupasha ubongo habari kwamba kichwa kinageuka. Ukijizungusha mara kumi uwanjani kisha ukasimama ghafla, utaona kana kwamba dunia inazunguka. Kiowevu cha masikioni mwako hakijatulia bado.

Sasa mfikirie yule mtoto aliyekuwa akisoma ndani ya basi. Macho yake yalitazama kitabu, nacho kilitulia mbele yake. Kwa hiyo macho yaliuambia ubongo, "Tumetulia." Masikio yake yalisikia kila kona ya barabara. Kwa hiyo yaliuambia ubongo, "Tunageuka." Ubongo ulipopata habari mbili zinazopingana, mtoto alipata kichefuchefu. Wasafiri wa baharini, kama wale wanaovuka kutoka Unguja kwenda Pemba wakati wa mawimbi makubwa, hupata taabu hiyo hiyo.

Mtu anayepata kichefuchefu safarini afanye hivi:

(a) Akae kiti cha mbele.
(b) Atazame mbali nje, kwa mfano kilele cha mlima, ili macho na masikio yake yakubaliane.
(c) Asisome wala kutazama simu.
(d) Afungue dirisha apate hewa safi.
(e) Kabla ya safari ale chakula kidogo chepesi. Asishibe sana.

Watu wengine hutafuna kipande cha tangawizi, na huona nafuu.

6. Faida ya kutapika

Kutapika hakupendezi, lakini kuna faida yake. Mtu aliyekula chakula kibovu hutapika, na sehemu ya vitu vibaya hutoka kabla haijaingia katika damu. Kwa hiyo kutapika ni mojawapo ya njia ambazo mwili hutumia kujilinda.

Wanyama nao hutumia njia hii. Fisi wa Ngorongoro hula nyama pamoja na ngozi na mifupa. Tumbo lake huyeyusha mifupa, lakini haliwezi kuyeyusha manyoya. Baadaye fisi hutapika madonge ya manyoya. Mbwa mwitu wa Serengeti humeza nyama mahali walipowinda, kisha hurudi na kuitapika mbele ya watoto wao ili wale.

Si wanyama wote wanaoweza kutapika. Farasi hawezi, na panya hawezi. Panya akiila sumu iliyotegwa hawezi kuitoa. Hii ni sababu mojawapo inayofanya sumu ya panya imdhuru sana.

7. Hatari ya kutapika

Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wako ni maji. Maji hayo yamechanganyika na chumvi za namna mbalimbali. Bila maji na chumvi hizo, damu haiwezi kuzunguka vizuri na misuli haiwezi kufanya kazi.

Mtu anayetapika hutoa maji na chumvi. Akiwa anaharisha pia, hutoa maji kwa njia mbili. Mtu mzima ana akiba kubwa ya maji. Mtoto mdogo ana akiba ndogo, nayo huisha upesi. Mara nyingi kinachomuua mtoto anayetapika na kuharisha ni kupungukiwa maji. Wakumbushe na wa nyumbani kwenu jambo hili.

Dalili za mtoto aliyepungukiwa maji ni hizi:

(a) Kinywa na ulimi ni vikavu.
(b) Macho yameingia ndani.
(c) Hulia bila kutoa machozi.
(d) Hukojoa kidogo sana, au hakojoi kabisa.
(e) Utosi wa mtoto mchanga huingia ndani.
(f) Ukiibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili kisha ukaiachia, hurudi polepole.
(g) Hulegea, husinzia, na hataki kucheza.

Kipindupindu ni ugonjwa unaoweza kumaliza maji ya mwilini kwa saa chache tu. Mgonjwa huharisha maji mengi na kutapika. Tangu mwaka 1970 hadi leo ugonjwa huu umezisumbua nchi nyingi za Afrika, na katika nchi yetu mlipuko mkubwa ulianza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, ukaenea katika mikoa mingi.

8. Dawa iliyotokana na chumvi na sukari

Zamani madaktari waliamini kwamba mgonjwa wa kipindupindu lazima atiwe maji kwa sindano katika mishipa ya damu. Lakini maji ya sindano yalikuwa machache, na vijiji vingi havikuwa na hospitali.

Katika miaka ya 1960 wataalamu waligundua jambo muhimu. Maji yenye chumvi peke yake hayanyonywi vizuri na utumbo wa mtu anayeharisha. Lakini chumvi ikichanganywa na sukari, sukari huisaidia chumvi kupita katika ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kurudishiwa maji yake kwa kuyanywa.

Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Mamilioni ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikazuka katika kambi zao. Katika kambi ya Bangaon alikuwako daktari wa India aliyeitwa Dilip Mahalanabis. Maji ya sindano yalikwisha. Daktari huyo aliagiza chumvi na sukari zipimwe na kuchanganywa na maji, kisha watu wa kambini wenyewe wawanyweshe wagonjwa wao. Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 100 walikufa wapatao 30. Baada ya kutumia maji hayo, walikufa chini ya 4.

Leo chumvi na sukari hizo huuzwa na kutolewa zikiwa katika pakiti zilizoandikwa herufi ORS. Katika zahanati zetu huitwa dawa ya chumvichumvi. Pakiti hizo zina pia chumvi nyingine ambazo hazipatikani katika chumvi ya jikoni. Kwa hiyo zikiwapo, tumia hizo kwanza.

9. Namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari

Ukiwa na pakiti, soma maandishi yake. Pakiti nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji, lakini si zote. Tumia pakiti nzima na maji yote yaliyoagizwa.

Kama hakuna pakiti, tumia:

Maji safi yaliyochemshwa na kupoa: lita 1
Sukari: vijiko vidogo vya chai 6
Chumvi: nusu kijiko kidogo cha chai

Nawa mikono kwa sabuni. Kijiko kisijae kupita kiasi, bali kisawazishwe juu. Koroga mpaka sukari na chumvi ziyeyuke. Kisha onja. Maji hayo yasiwe na chumvi kupita machozi. Yakizidi, yamwage, utengeneze mengine, kwa maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Usizidishe sukari pia, kwa kuwa sukari nyingi huongeza kuharisha. Funika chombo. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage.

10. Namna ya kumnywesha mgonjwa

Watu wengi hukosea hapa. Mtoto hutapika, huona kiu sana, hupewa kikombe kizima, naye hukinywa chote mara moja. Mfuko wa tumbo uliosumbuka hujaa ghafla, na mtoto hutapika tena. Ndipo watu husema, "Mtoto huyu hawezi kunywa kitu." Kisha huacha kumpa maji. Kosa hilo limewaua watoto wengi.

Njia iliyo sahihi ni hii:

(a) Mtoto akitapika, ngoja dakika 10.
(b) Kisha mpe kijiko kidogo kimoja cha maji ya chumvichumvi.
(c) Ngoja dakika 2 au 3, umpe kijiko kingine.
(d) Endelea hivyo bila kuchoka. Akitapika tena, ngoja dakika 10 nyingine, uanze upya polepole.
(e) Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.
(f) Kutapika kukipungua, mpe chakula laini kidogo kidogo, kama uji, wali au viazi. Usimshindishe njaa.

Hebu tufanye hesabu. Kijiko kidogo hubeba mililita 5. Ukimpa mtoto kijiko kimoja kila baada ya dakika 2, kwa saa moja atapata vijiko 30. Hivyo ni mililita 150, zaidi ya nusu kikombe. Hata kama mtoto atatapika kiasi fulani, kiasi kingine kitabaki na kuingia mwilini.

Mgonjwa aliyelegea alazwe ubavu, asilazwe chali. Akitapika, matapishi yatoke kinywani yasiingie mapafuni.

11. Wakati wa kwenda zahanati au hospitali

Mpeleke mgonjwa upesi ukiona dalili mojawapo ya hizi:

(a) Hutapika kila anachokunywa, hata kijiko kimoja kimoja.
(b) Matapishi yana damu, au yana rangi ya kijani.
(c) Ana dalili za kupungukiwa maji.
(d) Ana homa. Katika sehemu za joto za bondeni, homa na kutapika huenda vikawa malaria, na damu lazima ipimwe.
(e) Ana degedege, au kichwa kinamuuma sana na shingo imekakamaa.
(f) Alianguka au alipigwa kichwani kabla ya kutapika.
(g) Tumbo linamuuma sana na halipoi.
(h) Amekunywa au amekula sumu.

Kutoka vijiji vilivyo mbali, kama vile vya kando ya Ziwa Eyasi, safari huweza kuwa ndefu wakati wa mvua. Usingoje mpaka hospitali. Beba maji ya chumvichumvi na umnyweshe mgonjwa njiani, mradi awe macho na aweze kumeza.

Kama mgonjwa alipewa dawa ya malaria akaitapika katika nusu saa ya kwanza, mweleze mhudumu wa afya. Huenda dawa hiyo ikahitaji kurudiwa.

12. Jambo la kukataza: kumtapisha mtu

Tumeona kwamba kutapika hutoa sumu. Je, basi, mtu aliyekunywa sumu alazimishwe kutapika? Hapana. Mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia mapafuni na kuyadhuru. Asidi ya betri huunguza umio inaposhuka, na ikipanda huuunguza mara ya pili. Usimtie vidole kooni, wala usimpe maji ya chumvi nyingi. Mpeleke hospitali mara moja, ukichukua chupa au kopo la kitu alichokunywa ili daktari alione.

Huko Mang'ola wakulima wa vitunguu hutumia dawa za kuua wadudu. Dawa hizo huweza kupenya katika ngozi na kumfanya mtu atapike. Aliyemwagikiwa na dawa avue nguo hizo na aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Kopo la dawa lisitumiwe kamwe kuchotea maji. Mafuta ya taa nayo yasiwekwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto mdogo hawezi kujua tofauti.

13. Kujikinga

Kujikinga ni bora kuliko kutibu. Tufanye mambo haya:

(a) Tunawe mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.
(b) Tuchemshe maji ya kunywa, na tuyaweke katika chombo chenye kifuniko.
(c) Tutumie choo, na tukifunike.
(d) Tule chakula kikiwa cha moto. Kiporo kipashwe moto mpaka kichemke, na kikinuka vibaya kimwagwe.
(e) Tusile nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Huenda alikufa kwa kimeta, ugonjwa ambao hutokea kwa mifugo na wanyama wa porini katika eneo la Ngorongoro. Mtaalamu wa mifugo aitwe, na mzoga usiguswe.
(f) Tukaushe mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kutapika kulikuwa mojawapo ya dalili zao.

14. Muhtasari

Turudi kwa yule dada wa darasa la tano. Alinawa mikono, akachanganya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na sukari vijiko 6 na chumvi nusu kijiko. Akaonja. Akaketi na mdogo wake mapajani, akampa kijiko kimoja, akangoja, akampa kingine. Alimtuma jirani kuwaita wazazi. Waliporudi walimchukua mtoto hadi zahanati, na dada aliendelea kumnywesha njiani. Walipofika, mtoto alilia, na safari hii machozi yalimtoka. Dada yake alitambua dalili hiyo, akafurahi.

Kumbuka: Kutapika ni njia ya mwili kujilinda, lakini maji yanayopotea lazima yarudishwe. Yarudishwe polepole, kijiko kwa kijiko, na bila kukata tamaa.

Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya kutapika na kucheua.
2. Ni misuli gani inayoubana mfuko wa tumbo wakati mtu anapotapika?
3. Kwa nini mtu anayesoma kitabu ndani ya basi huweza kupata kichefuchefu?
4. Taja dalili nne za mtoto aliyepungukiwa maji.
5. Unataka kutengeneza nusu lita ya maji ya chumvi na sukari. Utatumia vijiko vingapi vya sukari, na chumvi kiasi gani?
6. Mtoto hupewa kijiko kimoja cha mililita 5 kila baada ya dakika 3. Je, atapata mililita ngapi kwa saa 2?
7. Kwa nini ni hatari kumtapisha mtu aliyekunywa mafuta ya taa?
8. Kazi ya nyumbani: Waonyeshe wazazi au ndugu zako namna ya kupima sukari na chumvi. Waulize walikuwa wakifanya nini zamani mtoto alipotapika. Andika majibu yao, kisha myajadili darasani pamoja na mwalimu wenu.